Kwani Lushoto Kuna Msiba?

Mtanzania akifunga begi na kuwahi basi la alfajiri, ujue kuna mtu amekufa. Kama hakuna aliyekufa, kuna anayeoa. Kama hakuna anayeoa, basi kuna mgonjwa, kipaimara, mwali anatolewa, kikao cha ukoo cha kugawana shamba, au kesi mahakama ya mwanzo. Kutoka nyumbani na kutoa nauli kwa ajili ya kwenda kutazama nyumba za watu na milima ambayo haijahama tangu iumbwe, hilo halimo kwenye orodha.

Ninasema nikiwa na ushahidi. Mwaka huu tumekata shauri nyumbani kwamba mwezi wa sita, shule zikifungwa, twende Unguja tuuone Mji Mkongwe, kisha tupande Lushoto tukatembee kwenye milima ya Usambara. Mpango wenyewe ni mfupi, unaenea kwenye kipande cha gazeti la kufungia maandazi. Kuwaeleza watu ndiko kusikokwisha.

Si kwamba sehemu hizo ni ngeni kwangu. Unguja nimekwenda kwa harusi na kwa semina. Kwenye semina unafungiwa ukumbini na chupa ya maji. Kwenye harusi unakalishwa jamvini na wanaume wenzako, mnakula pilau, ndoa inafungwa, mnaomba dua, mnawahi boti ya jioni. Upande wa Tanga nimezika sana. Nipe ramani ya mkoa ule nikutajie makaburi: Muheza yuko baba mkubwa wa mke wangu, Korogwe yuko bosi wangu wa zamani, Soni babu yake shemeji. Hapo Soni kuna maporomoko ya maji kando ya barabara, watu hutoka nchi za mbali kuja kuyapiga picha. Mimi nimepita hapo nyuma ya jeneza, nimeinamisha kichwa, nikayasikia yakinguruma. Kugeuza shingo niyatazame isingekuwa adabu. Basi nikiulizwa nasema Lushoto nimefika, na sisemi uongo. Kuiona ndiyo bado.

Kizingiti cha kwanza kilikuwa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, na hakuna kifungu kinachosema siku hizo lazima zitumike kusimamia fundi. Ofisini kwetu lakini ndivyo zinavyotumika. Mtu anaondoka likizo akiwa nadhifu, anarudi na saruji kwenye kucha. Ukimwuliza kama alipumzika anakwambia amepaua.

Fomu ya likizo ina mstari mmoja wa kujaza sababu. Nikaandika "Mapumziko". Afisa utumishi akaisoma, akavua miwani.

"Mapumziko ya nini? Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi.

"Mama yupo?"

Mama mzima, tunashukuru Mungu.

Hapo akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mtu mzima anayechukua siku zake zote kwa mpigo, bila mgonjwa wala maiti, ama amepata kazi kwingine ama ameoa mke wa pili mkoani. Nikaona isiwe tabu. Nikaomba fomu nyingine, nikaandika "Shughuli za kifamilia". Akagonga muhuri palepale, akanipa mkono.

"Poleni sana," akasema. "Mazishi lini?"

Aliyeleta mpango huu ni binti yangu, yuko chuo. Vijana wa siku hizi wana ugonjwa wa kutaka kuona vitu. Na kuona kwenyewe hakumtoshi, anataka tukione cha moto kidogo. Mji Mkongwe anataka tuingie vichochoroni bila ramani mpaka tupotee, tena tupotee kwa makusudi. Lushoto anataka twende Irente tusimame ukingoni mwa jabali, ambapo Mazinde na tambarare yake viko chini karibu mita 1,000. Baada ya hapo anataka tuingie msitu wa Magamba kutafuta mbega na vinyonga wenye pembe puani, kisha tutembee kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, siku kadhaa kijiji hadi kijiji, tulale njiani kwa masista wa Rangwi. Mtae, anasema, kijiji kimekaa mwisho wa mlima, na ukisimama pale unaiona nyika ya Mkomazi yote imelala miguuni pako.

Bibi yake, yaani mama yangu mimi, alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Akaacha kuchambua.

"Kwa miguu? Gari limeharibika?"

"Hapana, bibi. Tunatembea tu."

"Mnakwenda kuchukua nini huko?"

"Hatuchukui kitu. Tunaangalia."

"Na huyo atakayewaonyesha njia?"

"Tunamlipa."

"Na kwa masista? Mmebadili dini?"

Binti akaeleza kwamba masista wanapokea wageni wa dini zote, chumba safi, chakula kizuri. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunga khanga upya, akanigeukia mimi. "Mwanangu," akasema, "mimi miguu hii imenipeleka shule, kisimani, shambani na kliniki, na wewe nikiwa nimekubeba mgongoni. Kama ningejua kutembea ni jambo la kulipia, ningekuwa nimejenga ghorofa." Akarudi kwenye mchele wake. Mchango wake kwenye kikao ukawa umekwisha.

Tukaingia kwenye suala la majira, nalo halina jibu. Machi mpaka Mei ni masika. Huko Usambara njia za udongo mwekundu zinateleza, na utelezi wa mlimani una mwisho mbaya kuliko wa Tabata. Mji Mkongwe nao haupendi mvua. Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na maji yakishaingia ukutani hayana haraka, yanakula ndani kwa ndani. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, likawekwa umeme na lifti wakati babu zetu wengi hawajaona taa ya chemli, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati. Mke wangu alipolisikia hilo akasema ndiyo sababu ya kuwahi, tuone yaliyobaki yakiwa bado yamesimama. Mwanamke huyu kwenye mambo ya saluni hana haraka kiasi hicho.

Desemba hadi Februari ni kaskazi, jua linachoma utosi na hoteli zimejaa wageni waliokimbia baridi yao. Mfungo wa Ramadhani kwenda Unguja kushangaa mchana ni kuwatesa watu na kujitesa wewe. Kwa hiyo tumebakiwa na Juni, na Juni ni kipupwe: kusi linavuma, bahari ya kati ya Dar es Salaam na Unguja inachafuka, na Lushoto, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya bahari, unajifunika ukungu. Safari moja, mabegi ya aina mbili. La Unguja lina nguo nyepesi zenye kusitiri mabega na magoti, maana ule ni mji wa watu wenye haya zao. La Lushoto lina masweta, soksi nzito na viatu vya kupandia.

Masweta nikaenda kuyatafuta mtumbani, jua la saa saba, nikawa nayajaribu moja juu ya jingine huku jasho likinitiririka mpaka kiunoni. Muuzaji, kijana mpole, akaniuliza, "Mzee wangu, unakwenda Ulaya?"

"Lushoto."

Akapunguza sauti. "Aisee. Pole sana, mzee." Akanipunguzia na bei. Sikumsahihisha.

Sasa njoo kwenye malazi. Binti alishapata nyumba ya wageni huko huko Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, ina kitanda cha mninga chenye nguzo nne na paa la kukaa jioni. Mimi mwenyewe nikawa nimeanza kujiona pale juu na kikombe cha kahawa. Kosa, kama lilikuwa kosa, ni la mke wangu aliyempigia simu shangazi wa Michenzani kumsalimia.

Michenzani ni yale majengo marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, upande wa Ng'ambo. Shangazi anakaa ghorofa ya juu, na simu yake huipokea kwa sauti inayosikika mpaka ghorofa ya chini.

"Hoteli?" akasema. "Mie ningali hai, wewe waenda kulala hoteli na wana? Watu watasemaje? Watasema tumegombana."

Nikajaribu kumweleza kwamba watoto wanataka kulala ndani ya mji wenyewe.

"Kwani hapa ni porini? Hapa na Darajani pua na mdomo."

Nikampa binti simu, maana yeye ndiye mwenye hoja. Akamweleza habari za nyumba za kale, vyumba virefu vyenye boriti, ngazi za mawe, uwanja wa ndani. Shangazi akamwacha amalize, ndipo akamfungulia darasa. Kumbe amelelewa katika nyumba hizo. Vyumba vile, akasema, ni vyembamba kwa sababu dari imelala juu ya boriti za mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake, hauvutiki. Ukitaka chumba kipana, pata mti mwingine. Ngazi zimesimama wima utadhani unapanda mnazi, maji yako chini, jiko liko juu, na kila ndoo ilikuwa na jina lake yeye. Siku waliyopewa fleti, bomba limo humo humo ndani, mama yake alisali rakaa mbili. "Na nyinyi mwataka mlipe, usiku mmoja, kodi ya mtu ya mwezi mzima, mkalale kule nilikokimbia?"

Binti hakukata tamaa. Akauliza kuhusu milango. Anataka kuipiga picha yote: ile ya Kiarabu iliyonyooka juu, ile ya Kihindi yenye tao, minyororo iliyochongwa kwenye miimo, maua ya yungiyungi, samaki, maandishi ya Qur'ani juu ya kizingiti, na ile misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka, ambayo asili yake inasemekana ni India, ya kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango. Unguja tembo hakuna, lakini mtu mwenye uwezo haachi kujilinda.

"Mlango wa kwetu ulikuwa nayo hiyo misumari," shangazi akasema. "Kila Alhamisi naisugua kwa majivu na ndimu, mmoja mmoja, mpaka nijione uso. Vidole vikipasuka, ndimu inaingia humo humo. Huo mji mwasema ni urithi wa dunia?"

"Ndiyo, shangazi bibi. UNESCO waliuandikisha mwaka 2000."

"Walichelewa. Wangenikuta nasugua, wangenisaidia."

Mazungumzo yakaishia kwamba tutalala kwake, watoto chini, sisi chumbani, yeye sebuleni, na ile nyumba ya wageni tutakwenda kuitazama kwa nje. Mwishowe akauliza, kwa upole wa mtu anayejua jibu, "Basi hamji kwa jambo lolote? Mwaja tu?" Nikasikia pale aliponyamaza kwamba hakuniamini.

Na haamini peke yake. Mji wenyewe hauamini. Mara zote nilizopita Mji Mkongwe, mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni kuwatembeza, wananipita wakimkimbilia mtu aliye nyuma yangu mwenye kofia na ngozi iliyoiva kwa jua. Mimi nikisimama mbele ya kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, watu wanadhani nasubiri mtu. Nikiegemea ukuta wa Ngome Kongwe wanadhani nimechoka. Nikiinua shingo kutazama kibaraza cha mbao, mwenye nyumba anatoka kuuliza namtafuta nani. Sikatai kwamba kusumbuliwa ni kero, ila kuna kero ya kutosumbuliwa pia. Mtu mweusi anayesema Kiswahili, akitembea taratibu pasipo mzigo mkononi, hana jina katika nchi hii. Mgeni si yeye, mwenyeji si yeye. Ni mtu aliyepotea, kwa hiyo anaelekezwa bandarini.

Tuje kwenye njia. Fungua ramani uone maonevu yenyewe. Unguja ipo hapo, Pangani ipo ng'ambo yake, na nyuma ya Pangani na Tanga inainuka Usambara. Enzi zile sehemu hizi zilijuana vizuri: madiwani wa pwani ya Pangani walikuwa wakihitaji kukubaliwa na Sultani wa Unguja na pia na Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Wakilindi aliyekaa Vuga mlimani. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Unguja kwa jahazi, wakapitia Mombasa na Tanga, wakashuka Pangani, wakakwea mpaka Vuga. Binti yangu anaitaja safari hiyo kama kielelezo. Anasema hata leo mashua huvuka kutoka kaskazini mwa Unguja kwenda Pangani, basi na sisi tuvuke. Mke wangu alimjibu kwa kumtazama tu.

Mimi nilichojifunza kwenye habari ya Burton ni kingine. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, na alipoletewa wazungu hawa alitaka dawa ya kumrudishia nguvu. Kwa mzee mwenye akili zake, watu hawapandi mlima ule wote bila shughuli. Kama hawakuja kuposa wala kuhani, basi ni waganga. Hawakuwa na dawa. Wakateremka, na walipofika Pangani homa ikawalaza. Nikimsimulia mama hii hadithi atasema walikuwa wanatafuta nini.

Kwa hiyo sisi tutarudi Dar es Salaam kwa boti, tulale kwetu, bure, kisha alfajiri twende stendi ya Magufuli, Mbezi, tupande basi la Chalinze, Segera, Korogwe, hadi Mombo. Hapo Mombo ndipo barabara inapokunja kuacha tambarare na kuanza kupanda kilomita zaidi ya 30 za kona mpaka Lushoto, bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine, na dereva anayejibu simu. Mama mkwe ameshatuandalia ndimu za kunusa. Ndimu hizo hizo zimepangiwa kazi ya baharini pia, na nahofia zitafika Soni zimechoka.

Na huko Soni wapo ndugu zake shemeji, ambao habari zimeshawafikia. Simu yao ilikuwa fupi: "Tumesikia mnakuja mnapitiliza Lushoto. Tuliwakosea nini siku ile ya mzee?" Basi Soni nako tutalala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, lakini hakuna aliyesema mgeni atapona lini.

Waliojua kuja tu ni Wajerumani. Walipolichoka joto la pwani walikwea Lushoto, wakauita mji Wilhelmstal kwa jina la Kaiser wao, wakapunga upepo wa milimani huku wengine wakiwabebea mizigo, na sijasikia kwamba waliulizwa wanakwenda kwa nani. Hata ua la porini la Usambara limetushinda. Ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha ya majiko ya Ulaya, rangi ya zambarau, linamwagiliwa kwa kijiko. Ua zima limehama bara na halikuulizwa limefiwa na nani. Mimi nahama wiki, basi.

Habari zilipozagaa mtaani kwamba tunasafiri na hatujafiwa, zikapata maana moja: tuna hela. Jirani wa kulia akaja kukopa. Jirani wa kushoto akaja na maagizo. Ukienda Unguja niletee halua, na karafuu kidogo, na ile iliki ya Darajani. Ukienda Lushoto niletee viazi, karoti, kabichi, na mapeasi kama yapo. Kaka yangu ameagiza gunia zima la viazi, na nilipomwambia kwamba viazi hivyo hivyo vya Lushoto vinashushwa na malori Kariakoo kila alfajiri, umbali wa nauli moja ya daladala kutoka kwake, akaniambia vya mkononi ni vitamu zaidi. Vya mkononi mwangu, ana maana hiyo. Na mikono hiyo haiwezi kwenda mitupu: shangazi anataka mchele wa Mbeya, ndugu wa Soni wanataka nazi na samaki wakavu. Tumepiga hesabu, njia nzima hakuna kipande tutakachotembea bila kubeba chakula cha mtu.

Mke wangu, ambaye ni mweka hazina wa kikoba, akafungua daftari la safari kwa utaratibu wa harusi. Amechora mistari kwa rula. Kushoto matumizi: nauli ya boti, nauli ya basi, kiingilio cha Magamba, mwongozaji, masista, jibini na mkate wa Irente, akiba ya dharura. Kulia mapato: mshahara. Chini ya mshahara pana mistari mitupu mpaka mwisho wa ukurasa. Tukakaa tukiitazama hiyo mistari mitupu. Kwa harusi ya mtoto wa baba mdogo, kijana ambaye hakuwahi kunisalimia, nilitoa laki moja na nikafukuziwa ya pili kwa meseji. Kwa msiba wa jirani nilichangia turubai, sukari na basi la kwenda Kilosa. Mwaka jana nilichangia kipaimara nikiwa Mwislamu. Binti akapendekeza tuwaandikie wale wale kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Ndugu wapendwa, tunatarajia kupumzika mwezi wa sita, mchango wako ni muhimu." Nikamzuia. Watu wetu ni wakarimu kupita kiasi: watakuchangia uoe, watakuchangia uzae, watakuchangia uzikwe. Kupumzika ukiwa mzima, hiyo ni juu yako.

Nilidhani mpango umefika hapo, na ningevumilia. Juzi shangazi akapiga tena. Ametafakari, akasema, ameona si vizuri tutoke kwake tukapande milima peke yetu. Yeye tangu azaliwe hajawahi kuona baridi ya kuvuta blanketi mbili. Atarudi nasi, apande nasi hadi Lushoto, atakaa na ndugu wa Soni wakati sisi tukihangaika na miguu. Nikamwambia karibu sana, ningesema nini kingine. Begi lake lilikuwa tayari limefungwa, na majirani wa ngazi nzima ameshawaaga.

Binti, aliyekuwa akisikiliza kwenye spika, akamwuliza amewaagaje.

"Nimewaambia nakwenda Tanga kuuguza. Ningewaambia nini, mwanangu? Kwamba nakwenda kutazama mlima?"

"Unamwuguza nani, shangazi bibi?"

"Baba yako."

Kumbe naumwa tangu wiki iliyopita. Ni kifua, madaktari wa Dar es Salaam wameshindwa, nimeshauriwa hewa ya milimani. Majirani wa Michenzani wamesikitika mno, nimesomewa dua, na watu wa ngazi yake wamepitisha daftari. Jana jioni simu yangu ikalia: shangazi ametuma mchango, si haba, unatosha nauli ya boti ya familia nzima na chenji. Nilitaka kuurudisha. Mke wangu akaniuliza nitaurudisha nikisema nini, kwamba nimepona? Watafurahi, watachanga tena kwa shukrani.

Fedha zimeingizwa kwenye ule ukurasa wa kulia, mstari wa kwanza chini ya mshahara, mapato mengine. Nami nimepewa masharti: tukifika bandari ya Unguja niteremke taratibu, nishike ukingo, nikohoe kidogo, na mabegi yabebwe na mtu mwingine.